Sambaza au ndagala? Fumbo la siku ya tatu lililotugombanisha



Mnaotusoma kila wiki mnajua kwamba tunaweka katika gazeti letu mafumbo sita madogo, moja kwa kila siku mpaka siku ya posho, na kila fumbo lina kichwa chake. Waliosoma Kifaransa wanayaita mo-kruwaze. Sisi tunasema fumbo la maneno tu, kwa sababu mama ambaye hakusoma Kifaransa naye ana haki ya kuita kitu kwa jina.

Fumbo la siku ya tatu lilikuwa na kichwa “Soko na chungu”. Tulifikiri ndilo jepesi kuliko yote. Ndilo lililotuletea maneno.

Mambo yalikwenda hivi. Karatasi ya kwanza kurudi ilitoka kwa mama mmoja mwenye asili ya Uvira, aliyeolewa huku Bukavu. Alimaliza masomo yetu ya kusoma na kuandika mwaka jana tu. Aliileta mwenyewe, amevaa kitenge cha siku ya ibada, karatasi imekunjwa vizuri ndani ya kitambaa. Sisi tunaosahihisha tukaona neno la kwanza si lile letu, tukapiga msalaba mwekundu, tukaendelea na karatasi nyingine. Mche wa sabuni na kilo mbili za unga vikaenda kwa mama wa Bagira. Katika mkutano mtu mmoja akasoma jibu la mama wa Uvira kwa sauti, na wengine wakacheka. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini mikutano miwili iliyofuata mama yule hakuonekana, na daftari lake la masomo lilibaki kwetu.

Tulipomtembelea alitukaribisha, akatupa viti, akatuambia bila hasira: “Mimi nilizaliwa ku Uvira. Samaki kidogo ya ziwa kwetu ni ndagala. Muliandika ziwa, hamukuandika ziwa gani.”

Tulirudi nyumbani tukaangalia fumbo letu upya. Haya ndiyo maswali tuliyochapa. Mlalo ni maneno yanayolala, kushuka ni yale yanayoteremka.

1 mlalo, herufi 7: Samaki wadogo wa ziwa, watoto wanawapenda wakikaangwa.
4 mlalo, herufi 5: Ukizila zote leo, msimu ujao hutapanda.
5 mlalo, herufi 4: Ulikopa katika kikundi? Siku imefika.
1 kushuka, herufi 5: Majani ya muhogo ndani ya chungu.
2 kushuka, herufi 6: Bila huu, baba anasema hajakula.
3 kushuka, herufi 5: Pesa iliyolala ili kesho iamke.

Na hili ndilo jibu tulilokuwa nalo mezani:

S A M B A Z A
O . . U . . K
M B E G U . I
B . . A . . B
E . . L I P A
. . . I . . .

Sasa hesabuni pamoja nasi. Sambaza ina herufi saba. Ndagala nayo ina herufi saba. Wekeni moja juu ya nyingine: herufi ya tano kwa zote mbili ni A, na ya mwisho pia ni A. Maana yake mama akiandika NDAGALA, neno linajaa vijumba vyote bila kubaki hata kimoja. Akishuka upande wa kuume, AKIBA inaingia bila shida. Kila kitu kinamwambia: uko sawa, endelea. Ni mtego, nasi tuliutega bila kujua.

Shida inaanza upande wa kushoto. Majani ya muhogo ni SOMBE, na hapa hakuna ubishi kati ya Uvira na Bukavu. (Kinshasa wanasema pondu, Kasai wanasema matamba, Watanzania wanasema kisamvu, lakini kwetu ni sombe, na hata ng'ambo, Rwanda na Burundi, wanasema isombe.) SOMBE inaanza na S. Kijumba kile kile hakiwezi kubeba N ya ndagala na S ya sombe. Katikati pia: BUGALI inataka B, ndagala inaleta G.

Mama alifanya nini? Hili hatukulitazama tulipopiga msalaba. Katika kijumba cha kwanza aliandika N, na pembeni yake, kwa herufi ndogo sana, S. Katika kijumba cha nne aliandika G, na pembeni yake B. Aliona kwamba maneno yanagombana. Hakufuta, kwa sababu alijua kwamba yote mawili ni kweli. Mtu aliyeanza kushika kalamu miaka miwili iliyopita alisoma fumbo letu vizuri kuliko sisi tulioliandika.

Na kosa ni letu. Swali la kwanza, kabla ya kuchapwa, lilikuwa refu zaidi. Lilisema: “Samaki wadogo wa Ziwa Kivu; na pia ni kueneza habari.” Kwa sababu sambaza ni samaki, na kusambaza ni kueneza, na tulitaka mchezo huo wa maana mbili. Nafasi ya karatasi ilikuwa ndogo. Tukakata jina la ziwa, tukakata kueneza, tukabakisha watoto na mafuta ya kukaanga. Mtunga fumbo anaweza kuficha jibu, hiyo ndiyo kazi yake, lakini hana ruhusa ya kuuliza swali lenye majibu mawili na kumlaumu aliyetoa la pili.

Tena kuna jambo ambalo wengi wetu hatukulijua mpaka tulipouliza watu wa uvuvi. Sambaza wetu si mwenyeji wa zamani wa Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika katika miaka ya mwisho ya 1950, apandwe huku kama mtu anavyopanda mbegu, kwa sababu katikati ya Kivu hapakuwa na samaki wa namna hiyo. Wataalamu wanamwita Limnothrissa miodon. Na kule Tanganyika, samaki huyo huyo ni mmoja wa wale wanaoitwa ndagala, pamoja na ndugu yake Stolothrissa. Maji ya Ruzizi yanatoka kwetu Bukavu na kuteremka mpaka Tanganyika karibu na Uvira. Samaki akapanda njia ya kinyume, mikononi mwa watu, akafika akapewa jina jipya. Kwa hiyo yule tuliyemchekesha watu kwa kuandika ndagala, alikuwa amemwita samaki kwa jina la nyumbani kwao.

Tuseme kidogo juu ya maneno mengine, maana barua zilikuwa nyingi.

Kuhusu 2 kushuka, wengi waliandika UGALI wakaacha kijumba kimoja kitupu, wakatuambia kwamba kitabu cha shule kinasema ugali. Ni kweli, kitabu kinasema hivyo. Lakini hesabu ilikuwa sita, na herufi ya kwanza inashikwa na B ya sambaza. Huku kwetu mtoto mwenye njaa analilia bugali. Hatusemi kitabu kina kosa. Tunasema fumbo la gazeti hili litakula chakula cha hapa, na pale tutakapotaka neno la kitabu tutaandika pembeni “Kiswahili cha shule” ili msihangaike.

Kuhusu 5 mlalo, tulicheka peke yetu. Jibu letu lilikuwa LIPA. Kikundi kimoja kiliandika LETA. Angalieni: L inashikwa na bugali, A inashikwa na akiba, na herufi mbili za katikati hazikatwi na neno lolote. LETA inaingia sawa kabisa na LIPA, na inajibu swali vilevile. Tulipouliza, tukakuta kwamba mwandishi wa karatasi ile ndiye mtunza sanduku la kikundi chake. Anayedaiwa anasikia lipa, anayedai anasikia leta. Tumekubali yote mawili.

MBEGU haikumsumbua mtu. AKIBA nayo hapana, ingawa mama mmoja aliandika pembeni kwamba kwake pesa hailali, haina hata muda wa kusinzia.

Wengine wameomba tueleze namna ya kulivunja fumbo, hasa wanaoanza. Usianze na namba moja kwa sababu ni namba moja. Anza na neno ambalo ungeweza kuapa juu yake, hata kama liko chini kabisa. Katika fumbo hili lilikuwa sombe. Ukiisha kuiandika, herufi zake tano zinakuwa mashahidi watano: M yake inakupa mwanzo wa mbegu, na S yake inakuambia samaki yule ni nani. Neno kujaa vijumba si ushahidi. Ushahidi ni pale linapokatana na lingine na kupatana nalo.

Lugha yetu pia inasaidia kuliko Kifaransa. Karibu kila neno la Kiswahili linamalizika na a, e, i, o au u. Ukiona kijumba cha mwisho kitupu, una chaguo tano tu, si ishirini na zaidi. Inatusumbua mahali pengine: mbele ya neno. Shule inaandika mtoto, sisi tunatamka mutoto, na hapo hesabu ya vijumba imebadilika. Ndiyo sababu tunakwepa maneno ya namna hiyo, au tunataja hesabu wazi. Ch na sh zinachukua vijumba viwili. Mkikuta ng' yenye alama yake, alama haina kijumba, inapanda bure.

Na soma kichwa cha fumbo kabla ya yote. Kilisema soko na chungu, kwa hiyo aliyejibu “mvua” mahali pa mbegu hakukumbuka kutazama juu ya mlango aliokuwa anaingia. Mvua, tena, ina herufi nne.

Vijana wanatuuliza kama mchezo huu si wa wazee wa ofisi. Ulianzia New York, katika gazeti la New York World, tarehe 21 Desemba 1913. Aliyeutunga aliitwa Arthur Wynne, na vijumba vyake vilikuwa na umbo la almasi. Lakini aliyeuwekea utaratibu alikuwa mwanamke, Margaret Petherbridge, ambaye baada ya kuolewa aliitwa Margaret Farrar. Katika gazeti hilo alipewa kazi ya kuyasahihisha mafumbo, mwaka 1924 akawa mmoja wa watu watatu waliotayarisha kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo, na mwaka 1942 New York Times ikamfanya mhariri wake wa kwanza wa mafumbo. Kazi yake ilikuwa ile tuliyoshindwa sisi: kulijibu fumbo yeye mwenyewe kabla ya kulichapa, ili msomaji asidanganywe na swali bovu.

Kuanzia wiki hii tutafanya hivyo. Kila fumbo litajibiwa kwanza na mama watatu ambao hawakulitunga: mmoja wa masomo ya kusoma, mmoja aliyekulia mbali na Bukavu, na mmoja mwenye watoto wa shule, kwa maana watoto wa shule hawana huruma. Wakikwama mahali pamoja, swali linaandikwa upya.

Juu ya zawadi. Mama wa Bagira alipata jibu letu neno kwa neno, na hatumnyang'anyi kitu. Lakini tulipomweleza habari yote, yeye mwenyewe alisema unga umekwisha kuliwa, sabuni bado. Mche ukakatwa katikati kwa uzi. Siku ya posho tulipeleka nusu moja kwa mama wa Uvira, pamoja na daftari lake na karatasi yake, ambayo tumefuta msalaba mwekundu kadiri wino ulivyokubali kufutika. Tuliomba msamaha mbele ya watoto wake, kwa sababu walikuwa wamesikia kwamba mama yao alichekwa.

Alichukua sabuni, akanusa, akacheka. Kisha akauliza kama na yeye anaweza kututungia fumbo. Tulisema ndiyo. Litatoka wiki ijayo, siku ya tatu, na kichwa chake ni “Maziwa mawili”. Jina la ziwa litatajwa kila mahali linapohitajika, ameahidi. Ametupa swali moja tuliweke hapa ili mwanze kufikiri wakati sombe inachemka:

1 kushuka, herufi 6: Unatoka kwenu kila siku, unafika kwetu, haurudi.