Je, Wajua? Magurudumu Mawili na Raha Yake

Kwetu pikipiki ni kazi kwanza: abiria, mzigo, riziki ya nyumba. Lakini wapo wanaoinunua kwa mapenzi tu, wakaisugua Jumamosi nzima, na alfajiri ya Jumapili wakashika njia ya Magadi au Bagamoyo bila haja nyingine ila kuendesha. Safu ya leo ni yao, na ya kila anayewatazama wakipita akatamani.

Je, wajua kwamba pikipiki ya kwanza ya petroli ilishika moto njiani? Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliiunda huko Cannstatt, Ujerumani, mwaka 1885. Fremu ilikuwa ya mbao, na injini yake ya nusu nguvu-farasi ilikaa chini ya tandiko. Paul, kijana wa Daimler, aliiendesha Novemba mwaka huo kwa mwendo wa kilomita 12 hivi kwa saa, na joto la injini likaliwasha tandiko alilokalia.

Je, wajua kwamba ukiwa kasini, ili ukate kona ya kushoto huna budi kuusukuma mbele mkono wa kushoto wa usukani? Kwa kufanya hivyo gurudumu la mbele huelekea kulia kwa kitambo kidogo sana, pikipiki ikalala kushoto, ndipo ikageuka. Wilbur Wright, ambaye yeye na nduguye Orville walikuwa mafundi wa baiskeli kabla ya kurusha ndege, aliwahi kuwauliza waendesha baiskeli wengi jambo hili, akakuta wanalifanya kila siku pasipo kujua. Ndivyo ilivyo hadi leo. Wengi huendesha miaka mingi mwili ukijifanyia wenyewe, mpaka siku shimo linapotokea ghafla mbele yao. Hapo hofu humfanya mtu aukaze usukani, na pikipiki ikaenda palepale alipopaogopa. Anayelijua hili na kulifanyia mazoezi kwenye uwanja mtupu husukuma mara moja, akalikwepa. Ningekuwa na uwezo, lingekuwa somo la kwanza katika kila shule ya udereva wa pikipiki.

Waendeshaji wa mbio za MotoGP huilaza pikipiki zaidi ya nyuzi 60 kutoka wima. Barabarani usijaribu.

Je, wajua kwamba kila tairi hugusa lami kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono? Breki, kona, mvua, vyote hutegemea vipande hivyo viwili vya mpira. Kwa hiyo ukienda kununua pikipiki iliyotumika, usiangalie rangi ya tangi kabla hujasoma ubavu wa tairi. Tafuta tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani, na tairi lenye kashata nzuri laweza kuwa limekwisha kukakamaa.

Je, wajua kwamba breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha pikipiki? Ukifunga breki, uzito mwingi husogea mbele, na gurudumu la nyuma hubaki jepesi, tayari kuteleza. Tena ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa breki kukusimamisha huwa mara nne.

Je, wajua kwamba historia ya helmeti inapita kwenye kifo cha T. E. Lawrence, yule Mwingereza wa vita vya Uarabuni? Alipenda sana pikipiki za Brough Superior. Mei 1935, huko Dorset, alijaribu kuwakwepa vijana wawili wa baiskeli akaanguka, kichwa kikaumia, na baada ya siku sita akafariki akiwa na miaka 46. Miongoni mwa madaktari walioitwa alikuwamo Hugh Cairns, daktari wa upasuaji wa ubongo. Cairns aliendelea kuchunguza majeraha ya vichwa vya waendesha pikipiki, wakiwamo wapeleka barua wa jeshi, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yake. Novemba mwaka huohuo jeshi la Uingereza liliwaamuru waendeshaji wake wavae helmeti wakiwa kazini. Raia walisubiri sheria hadi 1973. Kinachookoa maisha ndani ya helmeti ni lile povu jeupe gumu, ambalo hubonyea likameza kishindo. Hubonyea mara moja tu. Helmeti iliyopata ajali imekwisha kazi, hata ikiwa haina ufa wowote, na kuiuza ni kumdhulumu mnunuzi.

Je, wajua kwamba ukipanda kutoka Mombasa hadi Nairobi injini yako hupoteza nguvu njiani? Jijini Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Pikipiki yenye injeksheni hujirekebisha kipimo cha mafuta. Ya kabureta haiwezi: petroli huzidi hewa, na ukiifungua plagi utaikuta nyeusi.

Honda Super Cub, iliyoanza kuuzwa 1958, ilifikisha idadi ya milioni 100 mwaka 2017. Hakuna chombo kingine cha moto kilichotengenezwa kwa wingi huo.

Je, wajua kwamba Burt Munro wa New Zealand aliishughulikia pikipiki moja, Indian Scout aliyoinunua 1920, kwa miongo kadhaa, hata pistoni akizisubu mwenyewe? Mwaka 1967, akiwa na miaka 68, aliweka nayo rekodi ya injini zisizofika cc 1,000 kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani: zaidi ya kilomita 295 kwa saa.

Na je, wajua kwamba Desemba 1934 wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walitoka London kwa pikipiki ya Panther yenye kigari cha ubavuni, wakaivuka Sahara, wakafika Cape Town Julai 1935? Wallach alikuwa mhandisi. Mwaka 1939 aliuzunguka uwanja wa mbio wa Brooklands kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa juu ya Norton ya cc 350, na baadaye akafungua shule ya kuendesha pikipiki huko Phoenix, Arizona.