Mashine Moja, Mikono ya Mtaa Mzima

Hesabu za dunia zinaipa PlayStation 2 taji la mashine ya gemu iliyouzwa kuliko zote: zaidi ya milioni 160, tangu Sony ilipoitoa Japani Machi 2000 mpaka ilipoacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Taji ni lake kwa haki. Ila kwa sisi tuliokulia Chake Chake, Pemba, hesabu hiyo imepunja, maana imehesabu mashine, haikuhesabu mikono. PS2 moja ndani ya banda la mabati, na runinga ya chogo na mabenchi yake, ilichezewa na nusu ya skuli. Rekodi ya watu wengi kwa pedi moja haijaandikwa na yeyote, nami nasimama kudai kwamba mabanda ya Pemba yanastahili kutajwa humo.

Gemu lililotawala lilikuwa la mpira la Konami, wengine wakiliita Winning Eleven, wengine PES. Sheria ya banda ilikuwa moja: aliyefungwa anapisha. Mchezaji aliyegombewa kuliko wote alikuwa Adriano wa Inter Milan katika PES 6 ya mwaka 2006, aliyepewa 99 katika nguvu za shuti. Ukimpa mpira nje ya boksi, benchi zima linasimama kabla hajapiga. Na foleni ndefu kuliko zote ilikuwa ya msimu wa karafuu, pale watoto waliochuma au kuokota wanapokuwa na vijisenti vyao mkononi. Mwenye banda akiijua kalenda ya mikarafuu kama mkulima.

Adui alikuwa umeme. Kwa miaka mingi Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na umeme ukikatika dakika ya 80 ukiwa unaongoza, bao lako limekwenda na maji. Hata hivyo, Unguja ilipoingia gizani kwa miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, dizeli ile ile tuliyoilalamikia ndiyo iliyotuwashia taa. Mwaka 2010 ukaja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, kilomita 78 hivi. Kwangu huo ndio waya mrefu kuliko wote uliopata kuchomekwa kwenye gemu.

Kuna gemu moja ambalo halikuutegemea umeme kila siku, nalo ni lile la nyoka kwenye Nokia. Lilianza kwenye Nokia 6110 mwaka 1997. Lililotufikia sisi zaidi ni la Nokia 1100 ya mwaka 2003, simu iliyouzwa kuliko simu zote, zaidi ya milioni 250. Simu ilikuwa ya baba au ya mjomba, ikiazimwa baada ya Isha, na rekodi ya nyumba ilikaa humo humo kwenye simu, kila mtu akiijua ni ya nani. Sijaona gemu jengine lililowakutanisha bibi na mjukuu juu ya kioo kidogo namna ile. Minecraft, inayoshika nafasi ya juu duniani kwa kuuzwa nakala zaidi ya milioni 300, ilikuja tumeshakuwa watu wazima.

Kongwe kuliko yote kwetu, bila shaka, ni bao: mashimo 32, kete 64, na haihitaji betri. Wazee walioukalia ubao huo barazani Wete walihesabu mitaji mirefu ya kula kete kichwani kwa kasi ambayo wengi wetu tuliozoea pedi hatukuifikia.

Lakini heshima kubwa kuliko zote ilitufikia mwaka 2016, katika gemu la Civilization VI. Humo Zanzibar ni dola-mji, na mchezaji anayekuwa mlezi wake hupata karafuu na mdalasini, vitu visivyopatikana kwa njia nyengine yoyote katika gemu. Bidhaa za anasa za kawaida huburudisha miji 4. Karafuu huburudisha 6. Vijana wa mabara ya mbali wamepigania karafuu usiku kucha bila kujua mkarafuu unafananaje. Jina lililoandikwa kwenye ramani ile ni Zanzibar peke yake, na karafuu nyingi za Zanzibar zinachumwa Pemba. Nawataka watengenezaji waongeze na jina la Pemba, kwa maandishi makubwa.