Cheni ya pikipiki: bei ndogo dukani, gharama kubwa barabarani

Wafanyabiashara wa Haneti, wilayani Chamwino, wanaotegemea pikipiki kubeba abiria, alizeti na mtama, wanashauriwa kuingiza cheni na sproketi katika hesabu za mtaji. Katika uwanda wa kati mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni vumbi, ambalo huchanganyika na oili na kusaga chuma kama msasa.

Kipimo cha ununuzi kisiwe bei ya dukani bali gharama ya siku. Tuchukulie seti ya sh. 25,000 inadumu siku 80: gharama yake ni sh. 312.50 kwa siku. Seti ya sh. 40,000 ikidumu siku 200, gharama ni sh. 200. Ya pili ndiyo rahisi, hata kabla ya kuhesabu siku ambazo chombo kimelala na tajiri amekosa hesabu yake.

Pikipiki nyingi za biashara hutumia cheni namba 428, na namba hiyo hugongwa kwenye pingili. Ya 420 ina pingili za urefu ule ule, milimita 12.7, lakini ni nyembamba na haikai kwenye sproketi ya 428. Herufi H huonyesha bamba nene za pembeni, zinazofaa mizigo. Hesabu meno na idadi ya pingili. Usilinganishe kwa urefu, kwani cheni kuukuu imekwisha kurefuka.

Kujua kama muda umefika, vuta cheni ikaze, kisha pima pingili 20, kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi ya pini ya 21. Cheni mpya hutoa milimita 254. Ikifika 259, imerefuka kwa asilimia 2, ibadilishwe. Sproketi yenye meno yaliyopinda kama ndoano nayo imekwisha. Badilisha vyote vitatu pamoja, kwa sababu cheni iliyorefuka hula meno mapya kwa muda mfupi.

Kazi yenyewe hufanyika nyumbani. Zima injini na simamisha pikipiki kwa stendi kubwa. Legeza nati ya sproketi ya mbele cheni ikiwa bado imefungwa na breki ya nyuma imekanyagwa. Kisha toa klipu kwa koleo, ondoa cheni, fungua gurudumu na ubadilishe sproketi ya nyuma. Wakati wa kufunga, upande wa klipu usio na mwanya uelekee cheni inakokwenda. Alama za kulia na kushoto kwenye ekseli zilingane. Mchezo wa cheni chini, katikati, kwa kawaida ni milimita 20 hadi 30. Fuata kitabu cha pikipiki. Kaza nati zote na jaribu breki kabla ya kupakia.

Anayepanda milima na magunia aweza kuchagua sproketi ya mbele ya meno 14 badala ya 15. Nguvu ya kuvuta huongezeka kwa takriban asilimia 7, lakini mwendo hupungua na injini huzunguka zaidi.

Mwisho, andika kwenye daftari bei, tarehe na kilomita za kila seti. Baada ya seti tatu, daftari hilo litakuonyesha duka la kununulia kuliko maneno ya muuzaji.