Chai ya choya: Malolo ina cha kujifunza kwa Wachina

Mkulima wa Malolo, wilayani Kilosa, anakijua vizuri kilio cha kitunguu. Wote wakivuna kwa mkupuo bei huporomoka, na asiye na ghala la kuaminika hulazimika kuuza kwa bei anayoitaka mnunuzi. Ndiyo maana inafaa kufikiria zao la pili, ambalo likikaushwa vizuri linaweza kusubiri soko.

China wana kinywaji kiitwacho babao cha, maana yake chai ya hazina nane. Ni maarufu katika jimbo la Sichuan na kwa Waislamu wa kabila la Hui huko Ningxia, ambao humkaribisha nayo mgeni, hasa siku za sikukuu na harusi. Ndani ya bakuli lenye kifuniko huwekwa majani ya chai, maua makavu ya krisanthemamu, zabibu kavu, longani, matunda mekundu ya goji, ufuta, sukari ya mawe na kunazi nyekundu, ambayo ni ndugu wa kunazi zetu. Mchanganyiko hutofautiana kati ya nyumba na nyumba.

Kiuchumi, somo ni hili: kila kimoja kati ya vitu hivyo kikiuzwa peke yake ni mazao ya kawaida. Vikichanganywa na kufungwa vizuri vinakuwa zawadi, na mnunuzi wa zawadi habishanii bei kama mnunuzi wa gunia.

Sisi tuna choya, au rozela, tangawizi, mchaichai, maganda ya machungwa na ubuyu. Anayesafiri kutoka Mikumi kwenda Iringa huiona mibuyu mingi njiani. Unga wa ubuyu ulikubaliwa rasmi kuuzwa kama chakula katika Umoja wa Ulaya mwaka 2008.

Choya huvumilia ukame. Hupandwa mvua zinapoanza na hutoa maua siku zinapofupika, hivyo mavuno huangukia kiangazi, wakati mzuri wa kukausha. Vuna vikombe vyekundu vikiwa vimenona, kabla tumba la mbegu halijapasuka. Toa tumba, osha kwa maji safi, kisha tandaza kwenye chekeche zilizoinuliwa, ndani ya kaushio la jua. Usianike chini: mchanga hautoki tena. Jua kali la moja kwa moja nalo hufifisha rangi, na rangi ndiyo humvutia mnunuzi.

Choya mbichi ina maji zaidi ya asilimia 85. Tegemea kilo 8 hadi 10 mbichi ili upate kilo 1 kavu. Wengi husahau hesabu hii, kisha hulalamika kwamba wameibiwa kwenye mizani.

Sasa tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Weka za kwako. Kilo 1 ya mchanganyiko hutoa pakiti 20 za gramu 50. Tuseme malighafi ni sh. 9,000, vifungashio sh. 6,000, lebo sh. 2,000, kazi na usafiri sh. 5,000. Jumla ni sh. 22,000, yaani kila pakiti imekugharimu sh. 1,100. Ukiuza kwa jumla sh. 1,500, faida ni sh. 8,000.

Lakini pakiti 5 zikiota ukungu au zikikosa mnunuzi, utapata sh. 22,500 tu. Faida imebaki sh. 500! Biashara hii inakufa kwa unyevu na kwa kutengeneza kabla ya kutafuta soko.

Kwa hiyo anza na kilo chache. Peleka sampuli kwenye hoteli na maduka ya Mikumi, ambako watalii wa hifadhi hupita, kabla hujapanua shamba. SIDO hutoa mafunzo ya usindikaji na ufungashaji. Tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula uko chini ya TBS, si TFDA kama zamani. Na usiandike kwenye lebo kwamba chai yako inatibu ugonjwa wowote. Hiyo ni chai, siyo dawa.

Vitunguu visiachwe. Tenga kipande kidogo cha shamba, mjiunge watu watano au kumi mnunue kaushio moja, na mweke daftari la kila shilingi. Msimu mmoja utatosha kuwaambia kama mpanue au muache.