Uchapaji wa Picha Darasani na Kinga ya Afya

Uchapaji wa picha ni kazi ya kuchonga umbo juu ya bamba, kulipaka wino, kisha kulikandamiza juu ya karatasi au kitambaa ili picha moja itokee mara nyingi. Kwa mwalimu wa shule ya msingi, kazi hii hutoa zana za kufundishia kwa gharama ndogo. Hata hivyo ina madhara yake, na mwalimu asiyeyajua aweza kumdhuru mtoto aliyekabidhiwa kumlea.

Hapa nchini, karakana ya pamoja iliyopata sifa kubwa ni Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972. Humo wasanii kama George Lilanga na Robino Ntila walichapa picha kwa mabamba ya metali yaliyochorwa kwa tindikali. Tindikali ya nitriki inapokula shaba hutoa hewa ya rangi ya kahawia. Anayeivuta aweza kujiona mzima, kumbe mapafu yake yatajaa maji saa kadhaa baadaye. Kwa hiyo kazi ya tindikali haina nafasi katika shule ya msingi.

Hatari ya pili ni viyeyusho, yaani vimiminika vya kuondolea wino. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walieleza kwamba wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha uchapaji mjini Osaka walikuwa wameugua saratani ya njia za nyongo. Mwaka 2014 wataalamu wa kimataifa wa saratani walithibitisha kuwa kiyeyusho kilichotumiwa humo kusafishia mitambo husababisha saratani kwa binadamu.

Mwanachuo wa Korogwe au Handeni atasema kwamba Osaka ni mbali. Lakini niliwahi kumwona mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha akiwaosha watoto mikono kwa petroli iliyotiwa katika chupa ya soda. Nia yake ilikuwa njema: hakutaka watoto warudi nyumbani na wino. Kipindi kilichofuata kilikuwa cha chakula, na chupa ilibaki juu ya dawati.

Sumu huingia mwilini kwa njia tatu. Kwanza ni pua: mvuke wa petroli au tapentaini huleta maumivu ya kichwa na kizunguzungu, na ukivutwa kwa miaka mingi hudhuru neva. Pili ni ngozi, ambayo hukauka na kupasuka. Tatu ni kinywa: mtoto hulamba vidole, au hunywa mafuta ya taa akidhani ni maji. Mafuta hayo yakiingia mapafuni huweza kuua, na aliyeyanywa asitapishwe, bali apelekwe hospitali mara moja. Aidha, baadhi ya rangi za manjano na nyeupe zina risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo.

Je, tuache uchapaji? La, hasha. Tuchague vifaa visivyo na sumu, na somo liendeshwe kwa hatua hizi:

1. Bamba liwe kipande cha kiazi au cha shina la mgomba. Muhogo pia wafaa, lakini ule mchungu una sumu ya sianidi. Watoto waonywe wasiutafune.

2. Wino uwe uji mzito wa wanga uliochanganywa na bizari ya manjano, au udongo mwekundu uliolowekwa na kuchujwa. Wino huu huoshwa kwa maji na sabuni.

3. Watoto wadogo wachape tu. Mwalimu akate mabamba mwenyewe. Wakubwa wakate kwa zamu katika vikundi vidogo, kisu kikielekezwa mbali na mkono unaoshika.

4. Madirisha yawe wazi, na chakula kisiingie chumbani.

5. Mikono ioshwe kabla ya kutoka. Kimiminika chochote cha hatari kisitiwe kamwe katika chupa ya kinywaji.

Somo la namna hii hufundisha mambo mawili kwa pamoja: ufundi na kinga. Wapo miongoni mwa watoto wetu watakaokuwa wachapaji, mafundi rangi au wafanyakazi wa viwandani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 itawalinda huko, lakini mazoea ya kujilinda huanzia katika dawati la darasa la kwanza, mbele ya macho ya mwalimu.