Kabla Hujampandisha Mtoto Pembea

Ndugu msomaji, ikiwa unaishi Mjini na una jamaa zako Paje, bila shaka unayajua mambo ya Sikukuu yanavyokwenda. Asubuhi ya siku ya pili daladala za kusini hufika zimejaa watoto: nguo mpya, viatu vinavyowabana vidole, na fedha za sikukuu zimetiwa mfukoni na kufungwa kwa pini. Wametoka mwendo wa kilomita 50 hivi, wakapita Kitogani, wakapita msitu wa Jozani na matuta yake yaliyowekwa ili magari yasiwagonge kima punju, wakapita Tunguu. Watakusalimu kwa adabu, watakula kidogo katika ulichowaandalia, kisha watakaa kimya wakikutazama. Hawakuja kukutembelea wewe. Wamekuja kupanda pembea.

Utawapeleka, kwani huna hila. Mtakwenda Kariakoo, katika kiwanja cha kufurahishia watoto kilicho chini ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, na jioni mtapita Mnazi Mmoja kula mishkaki na kutazama watu. Wenzao wa Pemba wanacho kiwanja chao Tibirinzi, Chake Chake. Hatuna haja ya kuvisifu viwanja hivi. Watoto wamekwisha kuvisifu kwa miguu yao. Makala haya yanahusu jambo moja dogo linalotokea pale kwenye foleni, ambalo wazazi wengi hulipita kwa kicheko.

Zamu ya mtoto aliyetoka Paje imefika, tikiti anayo mkononi, na hataki kupanda. Huyu ndiye mtoto ambaye kwao huogelea tangu hajaota meno ya pili, na ambaye amekwisha kutoka kwa ngalawa pamoja na baba yake. Wenzake wa Mjini, ambao baadhi yao hawajui hata kuelea, wamekwisha keti na wanamwita. Ndipo mtu mzima mmoja, pengine wewe mwenyewe, hucheka na kusema: “Mtoto mzima wa pwani, waogopa pembea?” Kisha humnyanyua na kumtia ndani.

Usifanye hivyo. Mtoto huyo si mwoga. Anafanya kama walivyomfundisha wazee wake, kwamba mtu haingii katika chombo asichomjua nahodha wake.

Hisia yenyewe ya pembea aijua vizuri kuliko wewe. Mbele ya ufukwe wa Paje uko mwamba unaovunja mawimbi ya bahari kuu, na ngalawa hutoka kwa kupitia mlango wa mwamba huo. Chombo kinapopanda mgongo wa wimbi kisha kikashuka ghafla, tumbo hubaki juu. Katika pembea mambo ni hayo hayo. Sisi huuhisi uzito wa miili yetu kwa sababu kuna kitu kinachotusukuma kutoka chini, kiti au sakafu. Kiti kikishuka kwa kasi inayokaribia ile ambayo sisi wenyewe tungeanguka nayo, msukumo ule hupungua, na vilivyomo tumboni, ambavyo havikupigiliwa misumari, huelea kidogo. Ubongo hupata habari hiyo na kupiga mbiu kwamba tunaanguka. Moyo huenda mbio, viganja hutoka jasho. Punde kiti hutupokea tena, na mbiu hiyo hugeuka kicheko. Raha yote ya pembea iko hapo katikati: mwili umeamini kwamba unaanguka, na akili imeamini kwamba hauanguki. Akili isipokuwa na imani hiyo, hakuna raha yoyote. Ni woga mtupu, na mtoto atatoka na woga huo mpaka nyumbani.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: imani hiyo hutoka wapi, na je, yastahili?

Wenzetu wa nchi nyingine wameifanya raha ya kuanguka kuwa kazi kubwa. Katika karne ya 18 Warusi walikuwa wakijenga majukwaa marefu ya mbao, wakayamwagia maji yakaganda kuwa barafu, na watu wakateleza kutoka juu hadi chini. Mwaka 1817 watu wa Paris walitengeneza milima kama hiyo bila ya barafu, kwa vigari vya magurudumu vilivyoshikizwa kwenye njia yake. Mwaka 1884 Mmarekani mmoja, LaMarcus Thompson, alifungua reli ya milima huko Coney Island, New York. Nauli ilikuwa senti 5, na mwendo wake ulikuwa kama kilomita 10 kwa saa, yaani punda wa Unguja akikasirika angeweza kushindana nayo. Leo jamaa zetu waishio Falme za Kiarabu wanaweza kwenda Abu Dhabi wakapanda kigari kilichofunguliwa mwaka 2010, ambacho katika muda usiofika sekunde 5 hufikia kilomita 240 kwa saa, na abiria wake huvaa miwani ili vumbi lisiwaumize macho. Hapa Unguja hatuna milima ya reli ya namna hiyo, wala si lazima tuwe nayo kesho.

Ila katika reli hizo mna funzo ambalo linafaa hata kwa pembea ndogo kabisa. Zamani kigari kilikaa juu ya reli kwa uzito wake tu, na kikienda mbio kupita kiasi kiliweza kuruka nje. Mwaka 1919 fundi mmoja wa Kimarekani, John Miller, alipata hataza ya gurudumu linalokaa chini ya reli. Tangu hapo kigari hushika reli kama mkono ushikavyo kamba: gurudumu juu, gurudumu ubavuni, gurudumu chini. Abiria halioni gurudumu hilo la chini, lakini ndilo linalomrudisha nyumbani. Na ule mlio wa tak-tak-tak unaosikika kigari kikivutwa mlimani na mnyororo, ambao huwatia watu hofu, ni mlio wa ulimi wa chuma unaoangukia katika meno, jino moja baada ya jingine, ili mnyororo ukikatika kigari kisirudi nyuma. Mafundi walikwisha kufikiri juu ya siku ambayo kitu kitavunjika, wakaiwekea dawa kabla haijafika.

Lakini dawa hiyo hutegemea binadamu anayeisimamia. Tarehe 2 Juni, 2015, katika kiwanja cha Alton Towers, Uingereza, kigari kitupu kilichokuwa kikifanyiwa majaribio kilikwama katikati ya njia. Mashine iliona kwamba njia haikuwa wazi, ikakisimamisha kigari cha nyuma chenye watu 16. Mafundi waliokuwa zamu walidhani mashine imekosea. Waliipita amri yake, wakakiruhusu kigari kiende, na kikavigonga vyuma vilivyokwama mbele. Wasichana wawili walipoteza mguu mmoja mmoja, na wengine waliumizwa vibaya. Mwaka 2016 mahakama iliitoza kampuni faini ya pauni milioni 5. Utaona, msomaji, kwamba chuma kilikuwa kimefanya kazi yake sawasawa.

Nasi tuna msiba wetu, na haukuhitaji mashine yoyote. Siku ya Idd el Fitr, tarehe 1 Oktoba, 2008, watoto 20 walikufa mjini Tabora katika ukumbi wa disko uliojazwa kupita kiasi. Walikosa hewa na wakakanyagana. Wazazi wao walikuwa wamewavalisha nguo mpya na kuwapa fedha za kiingilio, kama ufanyavyo wewe. Toka wakati huo polisi wamekuwa mara kwa mara wakipiga marufuku disko toto siku za sikukuu, na wapo wazazi wanaonung'unika kwamba watoto wananyimwa raha. Sisi hatunung'uniki nao. Mtoto ana haki ya kufurahi, na haki hiyo inaanza kwa kuhesabu wangapi wameingia na milango iko mingapi.

Basi ufikapo kiwanjani usikimbilie dirisha la tikiti. Simama utazame pembea ikizunguka zamu moja nzima, tangu watoto wanapopanda hadi wanaposhuka. Mtazame zaidi mhudumu kuliko pembea. Je, anapita kiti kwa kiti na kuvuta kila kizuizi kwa mkono wake, au anapaza sauti tu “shikeni vizuri” akiwa mbali? Je, anasubiri mashine isimame kabisa kabla ya kuwashusha? Akimkataa mtoto wako kwa kuwa ni mfupi, usigombane naye wala usimwongezee fedha. Huyo ndiye nahodha uliyekuwa ukimtafuta. Tazama pia vyuma vyenyewe. Sisi ni watu wa kisiwani, hewa yetu ina chumvi, na chumvi hula chuma usiku na mchana. Rangi mpya juu ya kutu haifanyi chuma kuwa kipya. Ukiona nati imekosekana na mahali pake pamefungwa waya, rudi na watoto wako, na kabla ya kuondoka umwambie msimamizi mbele ya watu.

Jambo jingine ambalo mama zetu watatusaidia ni mavazi. Mtandio mpya unaopepea unapendeza sana barabarani, lakini unapokuwa karibu na kitu kinachozunguka ni hatari kweli kweli. Ufungwe vizuri na ncha zake zichomekwe ndani. Viatu vilegevu vishikwe na anayebaki chini.

Na yule mtoto wa Paje aliyekataa? Msogeze pembeni, mtoke kwenye foleni. Mwache atazame zamu mbili tatu. Mwonyeshe mhudumu, mwonyeshe kizuizi, mwonyeshe wenzake wanavyoshuka wakicheka. Kama unaweza, panda naye. Watoto wengi baada ya hapo huomba wenyewe, na aliyeomba mwenyewe hupiga kelele za furaha, si za kuomba msaada. Akikataa tena, mnunulie aiskrimu na usimtaje kwa jambo hilo mbele ya binamu zake. Fedha ya tikiti ihesabu kuwa ni sadaka.

Sasa geuza safari. Siku ya tatu au ya nne wageni wako watarudi kwao, na watoto wako watataka kufuatana nao Paje. Huko mambo hupinduka, kwani watoto wa Mjini ndio wasioogopa wakati wanapostahili kuogopa. Wanafika ufukweni wanaona maji yamekupwa, mchanga mweupe umeenea mpaka mbali, na bahari imekuwa kama kiwanja cha mpira. Watakwenda wakikimbia kuelekea mwambani, na hawatageuka kutazama nyuma.

Wazee wa pwani walikwisha kuona jambo ambalo mtu wa ofisini hupitwa nalo. Idd el Fitr huja na mwezi mwandamo, tarehe mosi ya Mfungo Mosi, na mwezi mwandamo huja na bamvua. Kwa hiyo Sikukuu hii huangukia wakati ambapo bahari hukupwa sana na kujaa sana, na tofauti baina ya kupwa na kujaa Unguja hufika karibu mita 4. Siku hizo maji hukupwa kabla ya adhuhuri, wakati ule ule watoto wanapofika, na alasiri yanakuwa yamekwisha kujaa. Idd el Hajj iko mbali na hayo. Tarehe 10 ya Mfungo Tatu ni siku za maji mafu, na bahari haina haraka.

Kuna na hizo tiara kubwa za rangi rangi zinazowavuta watu juu ya maji, ambazo siku hizi zimeifanya Paje ijulikane duniani. Huruka kwa upepo wa kusi na wa kaskazi, na ni pembea ya aina yake. Mtoto anaruhusiwa kuzitazama mpaka achoke, ila asipite chini yake wala kugusa kamba zilizolazwa mchangani. Kamba hizo ni nyembamba, na upepo ukilinyanyua tiara hukaza ghafla na kukata kama kisu.

Kuhusu maji, mkabidhi mtoto wako kwa yule yule binamu aliyekataa kupanda pembea, na umwambie asikilize atakaloambiwa. Tena mwonyeshe akina mama wa mwani. Tangu mwaka 1989, kilimo hicho kilipoanza Paje na Jambiani, wao hufuata maji yakikupwa, hufunga mbegu zao katika kamba, na hurudi bahari inapoanza kugeuka. Wakionekana wanajitwika magunia na kuelekea pwani, naye arudi, hata kama maji bado yako chini ya magoti.