Nzi, Buu na Ushahidi: Elimu ya Kuoza kwa Mwili na Upelelezi katika Fizi na Ubwari

Mvuvi yeyote wa Baraka au wa rasi ya Ubwari aliyepata kuanika ndakala juu ya mchanga wakati wa mvua anajua jambo ambalo wanasheria wengi hawajalizingatia. Jua likikosekana siku moja tu, nzi wa kijani huwatua samaki wale, hutaga, na siku ya pili mabuu huonekana yakitambaa. Aidha, ndakala waliokauka vizuri wakawekwa ghalani kwa miezi huvamiwa na mdudu mwingine kabisa, mbawakawa mdogo mweusi, ambaye mabuu yake yenye manyoya hutafuna nyama kavu mpaka ubaki unga na miiba. Wa kwanza yumo katika jamii ambayo wanabiolojia huiita Chrysomya, na wa pili katika jamii ya Dermestes. Nyama ya samaki na nyama ya binadamu hazitofautiani sana machoni pa wadudu hawa. Kila mmoja huja kwa zamu yake, na zamu hiyo ndiyo inayomwezesha mtaalamu kusema mahakamani kuwa mtu fulani alikufa lini na pengine wapi.

Makala haya yanakusudia kueleza namna elimu hiyo inavyofanya kazi, na kupima inaweza kutoa nini katika eneo kama Fizi, ambako watu wengi wameuawa na kesi chache mno zimefikishwa mbele ya hakimu.

Elimu yenyewe si ngeni duniani. Mwaka 1247 hakimu wa Kichina aitwaye Song Ci aliandika kitabu cha uchunguzi wa vifo, na humo alisimulia kisa cha mkulima aliyeuawa kwa mundu. Wanakijiji waliagizwa waweke miundu yao chini juani. Nzi wakautua mmoja tu, kwa sababu harufu ya damu ilikuwa haijatoka ijapokuwa chuma kilikuwa kimeoshwa. Huko Ufaransa, Jean-Pierre Mégnin alitoa kitabu mwaka 1894 akieleza makundi manane ya wadudu yanayofuatana juu ya mwili ulioachwa wazi. Mpangilio wake umesahihishwa sana tangu wakati huo, hasa kwa nchi za joto ambako makundi huingiliana na mambo huenda mbio, lakini wazo la zamu limebaki.

Tuangalie sasa mambo yanavyotukia. Mchana wenye joto, nzi wa kwanza huufikia mwili uliolala wazi katika muda wa dakika chache. Hutaga mahali penye unyevu: pembe za macho, puani, kinywani, na kwenye majeraha. Kwa hiyo mabuu yakionekana yamejazana katika kiganja cha mkono au kifuani, mahali ambapo ngozi nzima isingewavuta nzi, mpelelezi ana haki ya kuuliza kama palikuwa na jeraha. Mayai huanguliwa kabla ya siku kwisha. Buu hukua kwa hatua tatu, likijivua ngozi mara mbili, kisha huuacha mwili na kujifukia kwenye udongo wa karibu, ambako ngozi yake hugeuka kuwa gamba gumu la rangi ya kahawia. Hatua hiyo huitwa bundo. Ndani ya gamba mdudu hubadilika, na mwishoni nzi kamili hutoka akiliacha gamba tupu nyuma yake.

Kiini cha hesabu ni joto. Nzi hana joto lake mwenyewe kama sisi; hukua upesi panapokuwa na joto na husimama kabisa chini ya kiwango fulani, ambacho kwa nzi wengi wa aina hii ni karibu na nyuzi 10. Mtaalamu hukusanya nyuzi zilizozidi kiwango hicho siku baada ya siku mpaka zitimie idadi inayohitajiwa na aina ile ya nzi. Fizi inafaa sana kwa mfano. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, hali nyanda za juu za Minembwe zinapita mita 2,000, na kwa kawaida joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 kila tunapopanda mita 1,000. Tuseme, kwa ajili ya kukokotoa tu, kwamba Baraka ina wastani wa nyuzi 25 na mlimani kuna nyuzi 15, na kwamba nzi wetu anahitaji jumla ya nyuzi 150 kutoka yai mpaka kukamilika. Baraka anapata 15 kwa siku, naye atakamilika kwa siku 10. Mlimani anapata 5 tu, atahitaji siku 30. Mabuu yale yale, yenye urefu ule ule, yana maana mbili tofauti kabisa kutegemea yaliokotwa wapi. Ofisa wa polisi anayepanda kutoka pwani ya ziwa akapima kifo cha mlimani kwa mazoea ya Baraka anaweza kumtia hatiani mtu ambaye siku ya kifo hakuwapo, au kumwachilia aliyekuwapo.

Hata hapo ziwani mambo si mepesi. Mvua kubwa huwazuia nzi kuruka, na usiku kwa kawaida hawatagi. Mwili uliofungwa kwa turubai au kufungiwa nyumbani hucheleweshewa wageni wake. Mwili ulioko majini hauwapati nzi hata kidogo mpaka uelee. Maiti iliyosukumwa na mawimbi hadi ufukwe wa Kazimia ikiwa na mayai peke yake haituambii kuwa mtu alikufa leo, inatuambia kuwa leo aliibuka. Na wapo siafu. Hawa huiba mayai na mabuu, hivyo kuirudisha saa nyuma, na juu ya hayo huacha ngozi ikiwa na michubuko ambayo mtu asiyejua huiandika kuwa alama za kuteswa au za moto. Kwa sababu hizo zote, linalosemwa na wadudu ni muda wa chini kabisa tangu kifo. Anayetaja siku na saa kwa uhakika asikilizwe kwa tahadhari.

Mabuu pia hutunza sumu. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani walieleza habari za mwili uliokuwa umeoza kiasi kwamba hapakubaki damu wala ini la kupimwa. Walipima mabuu, nao wakakuta ndani yake dawa ya usingizi iitwayo fenobabitali. Jambo hili lina uzito wake huku kwetu, kwani tuhuma za kulishana sumu, ile iitwayo karuho upande wa Bukavu na Uvira, zimewaponza watu wengi bila kipimo chochote. Sitaki kusema kuwa maabara itamaliza tuhuma za namna hiyo. Walau ingeweka kando zile ambazo kemikali haipo.

Baada ya majuma na miezi, nyama laini ikiisha, ni zamu ya mbawakawa wa samaki kavu. Baada ya miaka hata yeye ameondoka. Je, elimu hii ina faida gani kwa mauaji ya zamani? Swali hili ndilo zito zaidi kwa wilaya ya Fizi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, ambayo iliorodhesha matukio 617 ya uvunjaji mkubwa wa haki nchini Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003, inataja mauaji ya Makobola na vijiji jirani, kando ya ziwa, mwishoni mwa Desemba 1998 na mwanzoni mwa Januari 1999. Kwa mujibu wa ripoti hiyo waliouawa ni zaidi ya watu 800. Karibu kila tunachokijua kuhusu siku zile kimetoka vinywani mwa walionusurika, na walionusurika wanazeeka.

Hapo ndipo gamba tupu la bundo linapopata thamani yake. Gamba hilo ni gumu, nalo huweza kudumu udongoni miaka mingi kuliko nyama. Nzi wa kijani hawachimbi kaburi lenye kina. Kwa hiyo magamba yao yakikutwa kwa wingi miongoni mwa mifupa iliyozikwa chini sana, maana yake ni kwamba miili ililala juu ya ardhi siku kadhaa kabla ya kufukiwa. Shahidi akisema, "Tulikimbilia msituni, tuliporudi baada ya juma ndipo tukawazika," udongo unaweza kumthibitisha. Na kama upande wa utetezi unadai kuwa wale walikuwa wapiganaji waliozikwa mara moja na wenzao, udongo huo huo unaweza kupinga. Vivyo hivyo, huko Bosnia, wataalamu waliweza kuonyesha kwa udongo na chavuo za mimea kuwa miili ya Srebrenica ilikuwa imefukuliwa makaburini na kuhamishwa kwenda kufichwa kwingine.

Mfano wa jirani zaidi ni Rwanda. Mwanzoni mwa mwaka 1996 kikundi cha wataalamu kilichoongozwa na William Haglund kilifukua kaburi la pamoja kwenye kanisa Katoliki la Kibuye, kando ya Ziwa Kivu, na kutoa miili karibu 500 ya watu waliouawa Aprili 1994. Kazi hiyo iliingia katika kesi ya Kayishema na Ruzindana iliyohukumiwa Arusha tarehe 21 Mei 1999. Lakini katika kesi ya Rutaganda, iliyohukumiwa Desemba mwaka huo huo, ufukuaji wa mtaalamu yule yule mjini Kigali haukukubaliwa. Utetezi ulimleta Kathleen Reichs, mtaalamu wa mifupa, akaikosoa njia iliyotumika, nayo mahakama ikatamka kuwa haikuridhika na njia hiyo kiasi cha kuitegemea. Rutaganda alitiwa hatiani hata hivyo, kwa ushahidi wa watu. Nadhani kesi hii inapaswa kusomwa na kila anayetaka kuchimba kaburi kwa jina la haki, kwa maana kaburi likishachimbwa vibaya halichimbiki tena. Shakahola nchini Kenya nako, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, ilidhihirika jinsi uozo unavyoficha sababu ya kifo na utambulisho wa marehemu.

Katika Fizi yenyewe mahakama imekwisha kuonekana. Februari 2011 mahakama ya kijeshi ya kuhamahama iliketi Baraka kusikiliza kesi ya ubakaji uliofanywa na askari mjini Fizi usiku wa tarehe 1 Januari mwaka huo. Wanawake 49 walitoa ushahidi, na tarehe 21 Februari Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Wale walikuwa hai, waliweza kusema.

Kuna upande wa lugha ambao wasomaji wa jarida hili hawatauona kuwa mdogo. Shahidi wa Ubwari husema kwa Kiswahili au Kibembe, ila karatasi ya polisi huandikwa kwa Kifaransa. Tuseme shahidi ameeleza, "Tulimkuta amefura, bado hajavunda, funza walikuwa puani tu." Sentensi hiyo ni hazina. Kufura, kuvunda, kuoza na kukauka ni ngazi nne tofauti, na mwenye kuzitumia kwa mpangilio ametoa kipimo cha siku. Karani akiandika kwamba mwili ulikuwa katika hali ya kuoza na wenye "vers", ameifuta hazina yote kwa maneno mawili. Hata neno funza lina utata: ni yule wa unyayoni anayetolewa kwa sindano, na ni huyu wa nyama iliyoharibika. Kwa matumizi ya mahakama ningependelea buu kwa huyu wa pili, na bundo kwa hatua ya gamba, maneno ambayo vitabu vya biolojia vya Kiswahili vinayatumia tayari. Mkalimani aulize ngazi ipi, sehemu gani ya mwili, na wadudu walikuwa na ukubwa gani wakilinganishwa na punje ya mchele.

Yapo pia mazishi. Waislamu wa Ubwari huzika upesi, na hakuna familia itakayokubali maiti ikae siku nne ikingoja daktari kutoka Uvira. Haihitajiki. Kuokota mabuu ni kazi isiyozidi saa moja, na yaweza kufanywa kabla ya kuosha. Huchukuliwa yale makubwa kuliko yote, kwa kuwa ndiyo yaliyotangulia, pamoja na bundo zilizomo udongoni hatua chache kutoka mwilini. Nusu hutiwa katika maji yaliyokaribia kuchemka kwa nusu dakika, kisha katika spiriti ya asilimia 70 hadi 80. Yakitupwa katika spiriti moja kwa moja hujikunja na kuonekana machanga kuliko yalivyo, na kosa hilo peke yake linaweza kupunguza siku nzima. Nusu nyingine huwekwa hai juu ya kipande cha ini ndani ya chupa yenye kitambaa mdomoni, mpaka nzi atoke na aina yake ijulikane. Joto la mahali hapo hupimwa siku ile na siku zinazofuata, kivulini, saa zile zile.

Kinachokosekana zaidi ni majedwali ya ukuaji wa nzi wa huku, aina kwa aina, pwani ya ziwa na mlimani. Uvira kuna Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia ambacho kwa miaka mingi kimechunguza samaki na maji ya ziwa. Kufuga nzi juu ya kipande cha nyama na kuandika joto hakuhitaji vyombo vikubwa kuliko hivyo. Watafiti wa ng'ambo hupenda kutumia nguruwe kwa majaribio haya, kwa kuwa ngozi yake inakaribiana na ya mtu. Ubwari hilo halitapita. Mbuzi atafaa, ingawa manyoya yake huwasumbua nzi kidogo, mradi jedwali liandike wazi kuwa alikuwa mbuzi.